Sababu ya Tano

Simu ya kampuni ina sababu nne tu za mzigo kurudi:
hakupatikana, anwani si sahihi,
bidhaa ina kasoro, mteja amekataa.
Unagusa moja kwa dole gumba, unawasha gari.
Mwaka wa tatu huu nazigusa, kutoka Sib mpaka Barka.

Nimejifunza mikono ya watu.
Anayetaka kulipa hushika pochi kabla ya boksi.
Asiyetaka huligeuza, hulitikisa karibu na sikio
kama anayechagua nazi,
halafu husema, "Nifungue kwanza nione."
Namwambia: lipa, kisha ufungue, ndiyo sheria.
Ananiambia: sheria ya nani, na pesa ni zangu?
Na jua la Julai linatusikiliza, limesimama utosini,
halina upande.

Bwana mmoja wa Al Hail alikataa manukato
kwa kuwa aliyeagiza ni mkewe, na yeye hakuambiwa.
Dirishani mkono ukanionyesha vidole vinne, kisha pazia.
Nikarudi saa kumi.
Nililipwa kwa noti za nusu riali
zilizokunjwa ndogo kama hirizi.

Lakini jana, Mabela, nyuma ya gereji za matairi.
Jina: Rayya Sleyum. Viatu vya mtoto, vyeusi, vya shule.
Riali saba na baisa mia tano.
Kabla sijamaliza salamu mtoto keshararua utepe,
keshavaa mguu mmoja, keshashuka ngazi,
anaruka uani kwa kiatu kimoja kipya
na unyayo mmoja wa zamani.

Mama akaniambia kwa Kiarabu, uso mkavu:
"Rangi siyo. Kwenye picha vilikuwa vingine."
Nyeusi ni nyeusi, nikasema moyoni.
Akanipa mgongo, akapiga simu,
na sauti iliposhuka ilishukia kwenye Kiswahili:
"Dada, kaja leo! Nilidhani Alhamisi, mshahara ushaingia.
Sina hata riali mbili. Nimemwambia rangi."

Kanzu yangu na kofia yangu hazikumwambia kitu.
Hakujua kwamba bibi yangu alinigombeza kwa lugha ile,
akanilaza kwayo, akanifia nayo mdomoni.
Ulimi ulinikuna.
Neno moja tu, "Usijali,"
na angejua nimesikia yote.
Kuna maneno mema yanayomvua mtu nguo.
Nikalimeza. Nikajibu kwa Kiarabu:
"Haidhuru, rangi za kwenye simu hudanganya."

Mtoto alikataa kuvua.
Hilo nalo simu haina kitufe chake.
Alikaza kisigino, akanitazama mimi, si mamake,
kama kwamba viatu ni vyangu na mimi ndiye bahili.
Baadaye, garini, nilifuta soli kwa tishu iliyolowa
mpaka vumbi la Mabela likahamia vidoleni mwangu.

Kisha zile sababu nne.
"Mteja amekataa": mara tatu namba yake inafungwa.
"Kasoro": watataka picha ya kasoro,
nami ningepiga picha ya nini?
"Hakupatikana": mzigo hulala ghalani,
siku ya pili yake hurudi mlangoni wenyewe.
Jumanne, Jumatano, Alhamisi.
Nikagusa.

Wala si uongo mtupu.
Aliyesema Kiarabu alikuwepo, nilimwona.
Aliyesema Kiswahili,
mimi na yeye hatujakutana.

Jioni, kwenye ghala letu la Ghala,
Biju akaligeuza boksi chini ya taa,
akapitisha ukucha juu ya utepe uliochanika.
"Hakupatikana," akasoma, "na boksi limejifungua?"
Nikasema, "Njia ya Mabela ina matuta."
Akanitazama muda wa kuhesabu mizigo kumi.
Kisha akanirushia utepe mpya:
"Usilibane sana."